Tairi gani linakaa kwenye rimu gani? Maswali ya wenye pikapu za zamani

Hilux yangu ni ya mwaka 1991, ya dizeli, inavuta kwa matairi yote manne. Nikiiegesha popote hapa Dar, iwe Gerezani kwenye spea au Tabata kwa fundi, lazima atokee mtu wa kuuliza: "Mzee, hapo nikiweka 265 itakaa?" Nimejibu sana kwa mdomo, sasa nayaandika. Mifano mingi ni ya Hilux kwa sababu ndiyo ninayolala nayo chini ya uvungu, lakini hesabu ni zilezile kwa Landrova, Datsun au Peugeot.

Nianze na tairi au na rimu?

Rimu. Wengi wanaanza na tairi waliloliona kwenye gari la mwenzao, halafu wanatafuta namna ya kulilazimisha. Ni sawa na kununua godoro la tano kwa sita wakati kitanda chako ni cha futi nne. Litalala, ndiyo, lakini pembeni litaning'inia.

Rimu ina upana wake, na upana huo unakubali matairi ya kuanzia hapa mpaka pale. Ukishaujua, nusu ya maswali yaliyobaki yanajijibu.

Upana wa rimu umeandikwa wapi?

Umegongwa kwenye chuma chenyewe, mara nyingi karibu na tundu la valvu au upande wa nyuma. Utaona kitu kama 5½ J × 16. Namba ya kwanza ni upana kwa inchi, J ni umbo la ukingo unaoshika tairi, na 16 ni kipenyo, nacho kwa inchi. Rimu ya miaka thelathini imeshapakwa rangi mara nne, kwa hiyo chukua brashi ya waya na mafuta ya taa, usugue taratibu. Usitumie patasi.

Nimesugua, sijaona kitu. Nipime vipi?

Vua tairi kwenye rimu, kisha pima kwa ndani, kutoka pale ukingo wa tairi unapoegemea upande mmoja hadi upande wa pili. Usipime kutoka nje kwenda nje. Kingo zenyewe zina unene na mkunjo, na kipimo cha nje kinazidi cha ndani kwa takriban inchi moja.

Hapo ndipo nilipoumia mimi. Nilipima rimu zangu kwa nje, tairi likiwa bado limefungwa, nikapata inchi 7 kamili. Nikaenda kununua 265/70R16 nikijua niko salama, kwa sababu tairi hilo linataka rimu ya inchi 7 na kuendelea. Kumbe rimu zangu ni 6 J. Matairi yalifungwa, yakajaa upepo, yakapendeza kweli. Baada ya miezi michache kashata (yale meno ya tairi) za katikati zilikuwa zimelika na za pembeni bado mpya, na kila lori likinipita Morogoro Road usukani ulikuwa unaelea kama ngalawa. Niliyauza matairi hayo kwa hasara kwa jamaa mwenye rimu za inchi 8. Sina wa kumlaumu. Tepu ilikuwa yangu na jicho langu.

Namba za tairi zinasomwaje?

Chukua 225/75R16. Upana ni milimita 225, ubavu ni asilimia 75 ya upana huo, R ni radiali (nyuzi za ndani zinakatiza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo), 16 ni inchi za rimu.

Magari ya zamani yana lugha nyingine. 205R16 haina asilimia kabisa. Hapo ubavu huhesabiwa kuwa kama asilimia 80 hadi 82. 7.50-16 ni upana kwa inchi, na kistari kinaonyesha kuwa si radiali. 31×10.50R15 inaanza na kimo chote cha tairi kwa inchi, halafu upana, halafu rimu. Wauzaji wengine watakuambia "hii ni sawa na ile" bila kupiga hesabu. Piga mwenyewe: upana mara asilimia ya ubavu, mara mbili, jumlisha kipenyo cha rimu (inchi moja ni milimita 25.4).

Basi nipe orodha. Rimu gani, tairi gani?

Hii ni kwa matairi yenye ubavu mrefu, wa asilimia 70 hadi 80, ambayo ndiyo ya pikapu:

Rimu ya 4½: 155 hadi 175.
Rimu ya 5: 165 hadi 195.
Rimu ya 5½: 185 hadi 215.
Rimu ya 6: 195 hadi 235.
Rimu ya 7: 215 hadi 265.
Rimu ya 8: 235 hadi 285.

Kwa saizi mahususi zinazotafutwa sana mjini: 205R16 inakubali rimu ya 5 hadi 7; 225/75R16 ni 6 hadi 7½; 235/75R15 ni 6 hadi 8; 245/70R16 ni 6½ hadi 8; 265/70R16 ni 7 hadi 9; 31×10.50R15 ni 7 hadi 9 pia. Jedwali la mtengenezaji wa tairi lako likisema tofauti kidogo, lifuate hilo.

Kama unaweza kuchagua, kaa katikati ya mpaka, usikae ukingoni. Na ujue upana ulioandikwa ubavuni ulipimwa kwenye rimu fulani ya kupimia. Kila nusu inchi unayopunguza kwenye rimu, tairi linabanwa kwa kama milimita 5. Kwa 265/70R16 rimu ya kupimia ni ya inchi 8, kwa hiyo ukilivisha rimu ya 6 umeshapoteza karibu milimita 20 za ule upana uliolipia.

Fundi kasema "itakaa tu, bosi". Nimwamini?

Itakaa, hasemi uongo. Mashine ya kufungia na upepo wa kutosha vitakalisha tairi karibu lolote kwenye rimu ya kipenyo chake. Swali la kumuuliza fundi ni litavaaje na litashikaje, na mara nyingi yeye hatakuwepo siku hiyo.

Rimu ikiwa nyembamba kuliko tairi, kinaharibika nini hasa?

Mbavu zinavimba kama shavu la mtoto mwenye andazi. Uso wa tairi unapinda kuwa mgongo wa kobe, katikati ndipo panagusa lami, na ndipo panapolika. Kona inachelewa kuitika, kwa sababu rimu inageuka kwanza, ubavu unafuata baadaye. Ubavu unaojikunja sana unazalisha joto, na sisi tunaendesha kwenye lami ya Dar ya saa nane mchana. Ongeza mzigo juu yake uone.

Watu wanajaribu kusawazisha kwa kupunguza upepo ili uso ulale. Kweli unalala, ila joto linazidi kwa sababu ubavu sasa unakunjika zaidi. Afadhali ubadilishe tairi.

Na rimu ikiwa pana kuliko tairi?

Mtindo huu wa kuvuta tairi uwe kama ngozi ya ngoma mimi siupendi hata kwenye gari dogo. Kwenye pikapu ni kujitafutia balaa. Ukingo wa rimu unabaki wazi, na shimo la kwanza baada ya mvua linaukunja. Kashata za pembeni zinalika mapema. Upepo ukishuka kidogo, mdomo wa tairi unachomoka kwenye rimu, hasa kona ya ghafla ukiwa na mzigo.

Nikiongeza kimo cha tairi, spidomita itadanganya?

Ndiyo, na itadanganya upande usioutaka. Tuseme gari lilikuja na 205R16. Kimo chake ni kama milimita 734. Ukipanda 265/70R16 unafika 777, ongezeko la karibu asilimia 6. Mshale ukisoma 50, wewe unakwenda karibu 53. Mwenye tochi pale kwenye kibao cha 50 hatasikiliza hadithi ya milimita.

Kuna jingine ambalo watu hawalisemi: tairi refu linaifanya gia yako iwe nzito. Dizeli ya zamani isiyo na turbo, ikipandisha vilima vya Kisarawe na mzigo, asilimia 6 unaisikia mguuni. Ulikuwa unapanda kwa gia ya tatu, sasa unatafuta ya pili.

Kanuni yangu ni kubaki ndani ya asilimia 3 ya kimo cha asili. 235/75R15 ina kimo cha milimita 733, kwa hiyo mwenye rimu za 15 na mwenye 205R16 wanatembea karibu sawasawa kabisa. 225/75R16 ni 744, yaani asilimia 1 na kitu.

Nimepata rimu pana zaidi. Zitagusa?

Inategemea upana umeongezeka kuelekea wapi. Ukitoka 5½ kwenda 7 na sehemu ya kufungia ikabaki palepale katikati, umeongeza inchi moja na nusu, yaani milimita 38: 19 ndani, 19 nje. Ndani unasogelea springi na mikono ya stelingi, nje unasogelea madigadi.

Jambo hili kwenye rimu huandikwa ET na namba. ET 0 maana yake uso wa kufungia uko katikati kabisa ya upana. Namba ikiwa kubwa, gurudumu linaingia ndani. Ikiwa hasi, linatoka nje. Kama hakuna maandishi, laza rimu kifudifudi, weka ubao ulionyooka juu ya ukingo wa nyuma, pima kutoka kwenye ubao kushuka hadi uso unaokaa kwenye habu (kile kitovu ambacho gurudumu linafungwa). Fanya hivyo kwa rimu ya zamani na mpya. Ya mpya ikiwa na kipimo kidogo zaidi, ukingo wake wa ndani umesogea nje kwa tofauti hiyo. Kazi ya dakika tano, nayo inakuokoa safari ya kurudisha rimu kwa muuzaji ambaye hataki kuzipokea.

Baada ya kufunga, pakia watu wanne nyuma, geuza usukani hadi mwisho kulia na kushoto, pita kwenye tuta polepole. Gari tupu likiwa limesimama halikuambii kitu.

Spesa je?

Hizo sahani za chuma zinazowekwa kati ya habu na rimu sizitumii. Zinasogeza gurudumu nje, beringi zinabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi, na boliti zinazeeka haraka. Kama rimu haikai bila spesa, hiyo si rimu yako.

Matundu sita ni matundu sita? Naweza kuvaa rimu za Prado, Patrol au L200?

Hapa pana mtego. Hilux ya kuvuta nne, Prado za matundu sita, Patrol na L200 zote zina nati sita kwenye mduara wa milimita 139.7. Muuzaji atakuonyesha matundu yanalingana, nawe utalipa. Sasa angalia tundu la katikati. Toyota hizi ni kama milimita 106. Patrol ni 110, kwa hiyo rimu inacheza kidogo juu ya habu, na usipokaza nati kwa mpangilio gari linatikisika. L200 ni 67, haitapita kabisa kwenye habu ya mbele ya Hilux, labda uipeleke kwa mchonga vyuma, jambo ambalo sikushauri.

Za Prado ndizo rahisi kupata na tundu linaingia sawasawa, lakini kabla ya kulipa ivishe mbele bila tairi, izungushe kwa mkono, usikilize kama inakwaruza kaliper ya breki.

Pikapu za Hilux zinazovuta nyuma tu ni matundu matano kwenye 114.3. Land Cruiser za mkonga zilikuwa za matundu sita mpaka 1999, zikahamia matano kwenye 150. Landrova za zamani ni matano kwenye 165.1, na hazichangii na mtu mwingine hapo juu.

Nati za rimu za chuma zinafaa kwenye rimu za spoti?

Si lazima. Nati ya rimu ya chuma ya Toyota ina kichwa cha koni. Rimu nyingi za spoti za Toyota yenyewe zinataka nati yenye shingo na washa bapa. Ukichanganya, nati inajifungua barabarani. Na vyovyote utakavyofunga, kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Nabeba saruji. Upana ukilingana, inatosha?

Haitoshi. Mifuko 20 ya kilo 50 ni tani nzima, na sehemu kubwa inaangukia matairi mawili ya nyuma, juu ya uzito wa gari lenyewe. Baada ya saizi kuna namba ya uzito: 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, 100 ni kilo 800, 104 ni 900, 108 ni 1,000, 112 ni 1,120. Matairi mengi ya mtumba yenye saizi ileile yametoka kwenye magari ya familia, na mbavu zake ni laini. Kwa pikapu ya kazi tafuta lenye C mwishoni mwa saizi au LT mwanzoni (alama za tairi la mizigo), na usishuke chini ya namba ya uzito ya tairi la asili. Kumbuka rimu nayo ina kikomo chake. Rimu nzuri ya spoti ya gari dogo haijui saruji.

Upepo niweke kiasi gani?

Kibandiko cha mlangoni kinazungumzia tairi la asili. Ukibadilisha aina, hasa kwenda LT, mara nyingi unahitaji upepo mwingi zaidi kubeba uzito uleule. Pima asubuhi kabla hujatembea. Kisha fanya jaribio la chaki: chora mstari mnene kukata uso wa tairi, tembea mita mia kwenye lami kavu iliyonyooka. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi au rimu ni nyembamba. Ikifutika pembeni tu, upepo ni mdogo. Ukiwa na mzigo, rudia.

Mchanga wa fukwe za Kigamboni unataka upepo ushuke, mimi huenda 18 hadi 20 PSI, mwendo wa pole, bila kona za ghafla. Hapo ndipo mwenye tairi jembamba kwenye rimu pana huliacha tairi nyuma. Jaza kabla ya kurudi lami.

Rimu zangu ni za tyubu. Naweza kufunga tubulesi?

Kama rimu ni ya kipande kimoja lakini haina kile kituta kidogo cha ndani kinachozuia mdomo wa tairi usirudi katikati, weka tyubu ya saizi sahihi. Kama ni ile ya vipande, yenye ringi ya chuma ya kufungia, kama za Land Cruiser nyingi za zamani, tubulesi haiwezekani. Upepo utatoka kwenye maungio. Na ringi hiyo isiguswe na kijana wa pancha asiyeijua. Ikiruka wakati wa kujaza upepo, inaua. Ijazwe ndani ya kizimba cha chuma au gurudumu likiwa limefungwa minyororo, na hakuna anayesimama mbele yake.

Tairi la mtumba lina kashata nzuri. Lina umri gani?

Tafuta neno DOT, uende hadi tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, tairi lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, mwachie muuzaji alifanye kizuizi cha kontena lake. Watengenezaji wengi wanashauri tairi lisizidi miaka 10 hata kama halijatumika. Kwa jua letu na chumvi ya pwani mimi huanza kulitilia shaka likifika sita. Likunje kidogo ubavuni. Ukiona nyufa nyembamba kama za tope lililokauka, weka chini.

Mapana si ndiyo yanashika zaidi wakati wa masika?

Kwenye lami kavu labda. Kwenye maji yaliyotuama, kama yale ya Jangwani mvua ikikaza, tairi pana linaelea mapema kuliko jembamba lenye uzito uleule juu yake. Kwenye tope laini juu na gumu chini, jembamba linakata mpaka kwenye ugumu. Landrova za inchi 109 zilitoka na 7.50-16 nyembamba, na waliozisanifu hawakuwa wajinga.

Nina Datsun 1200. Matairi ya inchi 12 yameisha mjini?

Hayajaisha, umetafuta kwenye maduka ya magari makubwa. Nenda wanakouza spea za kirikuu. 145R12 ya mizigo ipo kwa sababu ya hivyo vigari vya Suzuki, nayo inakaa vizuri kwenye rimu nyembamba za Datsun, ingawa ni fupi kidogo kuliko 155R12. Ukitaka kupanda hadi rimu ya 13 ya upana wa inchi 5, 155/70R13 ina kimo cha milimita 547 dhidi ya 553 za 155R12 yenye ubavu wa 80. Karibu hautaona tofauti kwenye mshale.

Mbele nyembamba, nyuma pana, inaruhusiwa?

Kwenye gari linalovuta nyuma tu, ukipenda. Kwenye linalovuta nne, hapana: vimo vikitofautiana, difu za mbele na nyuma zinapigana na gia ndogo (boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma) ndiyo inayolipa. Spea tairi nayo iwe na kimo kilekile.

Wewe sasa umefunga nini?

225/75R16 za LT kwenye rimu zilezile za 6 J zilizonidanganya. Hazijazi madigadi, na mwanangu anasema gari linaonekana kama limevaa ndala. Lakini zimelika sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo, nimezipima wiki iliyopita.